Pini ya Kwanza ni Ipi?

Mjadala wa istilahi za sayansi umeegemea mno nomino, ilhali maelekezo mengi hupotosha katika kutaja mahali. Soketi ya ARM ya pini 20, inayounganisha kifaa cha kusakia hitilafu na bodi ya kielektroniki, ina safu mbili: nambari witiri upande mmoja, shufwa upande wa pili. Pini ya 1 hukijulisha kifaa volteji ya bodi. Ya 4 ni ya ardhi. Fundi aliyeambiwa “anzia kushoto” akiwa ameigeuza bodi atazikosea, na huenda akaiunguza. Mwongozo wa Kiswahili hauna budi kutaja kwanza upande unaotazamwa, kisha alama: pembetatu kwenye soketi, mstari mwekundu kwenye utepe wa nyaya. Wanaofunza tafsiri ya kiufundi na waanzie hapo, kabla ya kubuni jina jingine la pini.