Ndoo Moja na Nusu ya Maji

Wanaotetea zege la mazoea kwenye nguzo za msingi wa madaraja, huku Nachingwea na Ruangwa, mmewasikia. Tangu mvua za kimbunga Hidaya ziikate barabara ya Lindi–Dar es Salaam pale Somanga, Mei 2024, kila kijiwe kina mhandisi wake. Basi wasomaji, pimeni.

Wanasema: zege likikaza, ongeza maji. Nusu ya hoja ni kweli. Zege la nguzo hizi hushushwa kwa bomba mpaka chini ya shimo lenye maji au tope, kisha hupanda lenyewe likiyasukuma juu; lisipotiririka, limeshindwa. Ila kutiririka ni kitu kimoja na kuwa chepechepe ni kingine. Chukua mita moja ya ujazo yenye saruji kilo 375 na maji lita 187: uwiano wa maji kwa saruji ni 0.5. Tia ndoo moja na nusu, yaani lita 30, uwiano unafika 0.58. Duff Abrams alishaonyesha kule Chicago, mwaka 1918, kwamba uwiano huo ukipanda nguvu hushuka. Isitoshe, kokoto huzama na maji hujipenyeza juu, yakiacha vijia kandokando ya nondo.

Hapo hujibu: basi tutaongeza saruji. Kihesabu wako sawa. Kurudi kwenye 0.5 kunahitaji kilo 59 zaidi, mfuko mmoja na ushee kwa kila mita ya ujazo. Lakini ni haohao waliokataa kemikali ya kupunguza maji kwa sababu ni ghali, na kemikali hiyo kwa kawaida haifiki kilo 10 kwa mita hiyohiyo! Tena saruji nyingi huzidisha joto, na kwa jua la Nachingwea la Oktoba zege litawahi kukaza. Watafanya nini? Wataongeza maji.

Hoja yao ya kulishindilia zege kwa vaibreta haihitaji kurasa: ukilitetemesha zege lililo chini ya tope, unalichanganya na tope.

Iliyo nzito ni hii: slampu, yaani kipimo cha ulaini wa zege bichi, ilikuwa milimita 200, na kyubu, yaani vipande vya zege vya majaribio, zimefaulu. Slampu ya saa ngapi? Kumwaga nguzo ndefu huchukua saa kadhaa, na zege lililotangulia linatakiwa bado lisukumike wakati la mwisho linashuka. Kwa hiyo kuna kemikali ya kuchelewesha kuganda, na kwa hiyo slampu hurudiwa kadiri muda unavyokwenda. Mwongozo wa vyama vya sekta ya misingi vya Ulaya na Marekani, uliotoka kwa mara ya kwanza 2016, hauridhiki na slampu peke yake. Unataka pia kupima zege linavyotandaa na maji linayoyaachia. Kyubu nazo zilishindiliwa kwa mkono na kulazwa ndani ya maji safi. Zinaeleza zege lile lingeweza kuwa nini. Lililoko mita 15 chini huulizwa kwa mawimbi ya sauti, kupitia mabomba yaliyofungwa kwenye nondo kabla ya kumwaga. Kama hayakufungwa, kyubu hazina la kujibu.