Damu ya aliyeacha unga isitumike kumnyima kazi

Nawasikia wafanyabiashara wenzangu wa mpakani wakisema kwamba kijana aliyerudi nyumbani baada ya kutumia unga asipewe mzigo wala fedha mpaka apimwe damu, eti damu ya teja ina alama. Hofu yao naielewa, maana mtaji ukiliwa haurudi. Lakini alama hiyo haisemi wanachodhani.

Mwaka 2009 watafiti wa Iran, nchi inayoelemewa na afyuni ya Afghanistan, walichapisha walichokikuta katika limfosaiti, ambazo ni chembe nyeupe za damu. Chembe hizo, kama ubongo, zina vipokezi vya dopamini, ile kemikali inayomsukuma mtu kutaka tena kilichompa raha. Jeni ya kipokezi kiitwacho D3 ilikuwa imefifia kwa watumiaji. Ilikuwa imefifia pia kwa wanaotibiwa kwa methadoni, na hata kwa walioacha.

Sasa kama aliyeacha na anayetumia wanafanana, kipimo hicho kitamtambua nani? Wala hakionyeshi kama upungufu huo uliletwa na unga au ulikuwapo kabla. Anayetaka kujua kama mtu ametumia juzi, kipimo cha mkojo kipo, tena cha bei nafuu.

Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, kisha ikafika mikoani. Mwenye kijana ampeleke. Akitulia apewe kazi, na hesabu zake zikaguliwe kila jioni kama tunavyowakagua wauzaji wetu wengine.