Tuwaulize Wadudu wa Mtoni Kuhusu Maji Yetu

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Kuhusu sumu za kilimo zinazoingia mitoni mwetu, naona kwamba mawingu tumeyapuuza kwa muda mrefu.

Wakulima wa bonde la Ziwa Victoria, kama wenzao kwingineko nchini, hupulizia mimea yao dawa za kuulia wadudu. Mvua inyeshapo, sehemu ya dawa hizo husombwa hadi mtoni. Njia iliyozoeleka ya kuchunguza uchafuzi huo ni kuchota maji kwa chupa na kuyapeleka maabara. Lakini wimbi la sumu laweza kupita kwa saa chache tu. Mchotaji akifika keshokutwa, chupa yake itashuhudia kwamba mto ni safi.

Wapo mashahidi waliokuwa papo hapo sumu ilipopita: mabuu ya kerengende, viroboto wa maji, kaa wa mtoni na wengineo wasio na uti wa mgongo. Miilini mwao mna kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi. Kazi yake ni kuvunja kemikali inayopitisha ujumbe wa neva, pindi ujumbe ufikapo. Dawa za jamii ya organofosfati na kabamati hukifunga kimeng'enya hicho. Ujumbe hukosa kukoma, misuli hutetemeka, na mnyama aweza kupooza na kufa. Kilichofungwa na kabamati huweza kufunguka baada ya saa kadhaa. Kilichofungwa na organofosfati huweza kukaa siku nyingi, hata majuma. Hivyo maji yakishatakata, mwili wa mdudu bado umehifadhi habari.

Kupima si miujiza. Njia iliyotangazwa na George Ellman na wenzake mwaka 1961 hutumia rangi ya manjano: kimeng'enya kikiwa kizima, rangi hukolea upesi, kikiwa kimefungwa, hukolea polepole. Sharti tu wanyama hao walinganishwe na wa aina iyo hiyo kutoka mahali safi, maana joto na umri navyo hubadili kipimo. Tena kipimo hiki hakitaji jina la dawa. Kwa hiyo hakiondoi haja ya chupa, bali huonyesha pale chupa inapohitajika.

Huenda msomaji akauliza: mdudu wa mtoni ananihusu nini? Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha sehemu 48 za maji magharibi mwa Kenya, ulionyesha kwamba konokono wanaobeba vimelea vya kichocho huvumilia dawa hizi, ilhali wanyama wanaoshindana nao hudhoofika. Mdudu akinyamaza, konokono hustawi, na mtoto anayeoga mtoni ndiye hulipa.

Kwa sababu hiyo, naisihi Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, iufanye uchunguzi wa vimeng'enya kuwa sehemu ya ukaguzi wa kawaida wa mito, hasa majira ya mvua na ya kupulizia dawa. Vyuo vikuu vina wataalamu wa kuongoza kazi hiyo. Nanyi walimu wa baiolojia, wapelekeni wanafunzi mtoni wajifunze kuwatambua na kuwahesabu viumbe hawa. Taifa lisilojua nani anaishi majini mwake halitajua ni lini wamekufa.