Kinga Inapodhuru: Pengo la Istilahi

Neno UKIMWI limewazoesha wasemaji wa Kiswahili kudhani kwamba hatari ya kinga ni kupungua tu. Hata hivyo, kingamwili huungana na antijeni katika damu, na miungano hiyo isipoondolewa huweza kutuama kwenye figo na viungo na kuvidhuru. Maabara huweza kuipima, mathalani kwa protini ya C1q inayoinasa. Lakini kipimo hicho pekee hakitambulishi ugonjwa: miungano hupatikana katika ugonjwa wa lupasi na katika maambukizi pia. Mgonjwa asiyeelezwa hayo kwa lugha aijuayo atahofu bure. Istilahi “miungano-kinga” yafaa ijadiliwe na wanaisimu pamoja na matabibu, kwani mwenye damu ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuelewa.