Kabla Hujanunua Kioo Kipya, Muulize Fundi: Umepima?

Wewe unayeendesha gari la mzazi, la mjomba au la mkopo, iko siku utabonyeza kitufe cha kurekebisha kioo cha pembeni na kioo kitakutazama tu. Juu hakiendi, chini hakiendi. Ukifika gereji siku hiyo, jiandae kusikia maneno matatu: "Kioo kimekufa, bosi." Ombi langu kwako ni moja. Usitoe hata shilingi kabla hujamuuliza fundi kama amepima.

Nasema hivi kwa sababu nimeshalipia hilo somo. Mwaka jana nilikuwa naendesha teksi ya kuitwa kwa simu, gari la mjomba wangu, Axio ya rangi ya fedha. Kioo cha kushoto kikakwama kikiangalia chini, yaani nilikuwa naona gurudumu la nyuma na lami, basi. Na wewe unajua upande wa kushoto Nairobi ndiko boda boda hupenyea. Asubuhi moja nilivuta kushoto nishushe abiria, nikasikia honi na matusi. Jamaa wa boda alikuwa amebeba mama mwenye mtoto mgongoni. Hatukugusana, lakini mikono ilinitetemeka hadi saa sita.

Nikaenda gereji. Fundi akabonyeza swichi mara mbili, akagonga kioo kwa kidole, akasema kimekufa. Elfu tisa kwa kioo kizima cha mtumba, kufunga bure. Wasee, elfu tisa ilikuwa karibu kila kitu kilichobaki wiki hiyo baada ya mafuta na pesa ya mjomba. Nikalipa. Akafunga kioo "kipya", akabonyeza swichi. Kimya. "Basi itakuwa swichi," akasema, na papo hapo akaanza kunitajia bei ya swichi.

Hapo ndipo nilipoamka. Chuo niliacha mwaka wa pili wa diploma ya umeme, karo ilinishinda, lakini multimita yangu nilitoka nayo. Jioni hiyo nikapima mwenyewe. Shida ilikuwa waya mmoja uliokatika ndani ya lile bomba la mpira lenye mikunjo, linalopitisha nyaya kutoka kwa bodi ya gari hadi mlangoni. Waya mmoja! Kioo cha zamani kilikuwa kizima kabisa.

Hiki kitu si uchawi. Ndani ya kioo cha kawaida cha umeme mna mota mbili ndogo za volti 12. Moja hukipeleka juu na chini, nyingine kushoto na kulia. Mara nyingi mota hizo hutumia nyaya tatu tu kwa sababu waya mmoja zinagawana. Kazi ya swichi ni kugeuza njia ya umeme: ukibonyeza juu, chanya inapitia waya huu na hasi ule, ukibonyeza chini, zinabadilishana. Vioo vinavyojikunja vina mota nyingine ya kukunja, yenye nyaya zake. Kwa hivyo mtu akikwambia "umeme unafika, si unaona kinajikunja", mjue anabahatisha.

Anza na dalili. Kama vioo vyote viwili vimegoma siku moja, achana na vioo kabisa. Vioo viwili havifi pamoja kama wapenzi wa kwenye filamu. Angalia fyuzi, kisha swichi, kisha waya wa athi. Katika magari mengi fyuzi ya vioo ndiyo hiyo hiyo inayolisha redio na tundu la kuchajia simu, kwa hivyo kama tundu nalo limekufa, jibu unalo tayari. Ile chaja ya bei ya chini uliyonunua kwenye foleni ndiyo mshukiwa wa kwanza. Weka fyuzi ya ampea zile zile. Ikiungua tena, kuna waya unaogusana mahali, utafute. Ukiweka fyuzi kubwa zaidi, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kama nilivyowahi kuona, unachokilinda sasa ni ujinga, si gari.

Kama kimegoma kimoja tu, kwanza hakikisha kitufe cha kuchagua kushoto au kulia hakiko katikati. Usicheke, katikati ni kuzima, na kuna watu wameshawahi kulipia hilo. Kama unasikia mota ikivuma lakini kioo hakisongi, umeme uko sawa, meno ya plastiki ndani ndiyo yameisha. Na kama kinaenda juu na chini lakini kushoto na kulia kimekataa, fyuzi haina kosa. Baki na mota ya upande huo, waya wake au swichi.

Baada ya hapo ndipo multimita inaingia. Iweke kwenye volti 20 za umeme wa betri, fungua kifuniko cha mlango, tafuta konekta inayoingia kwenye kioo. Mwenzako abonyeze juu, wewe usome. Ukipata karibu 12, na akibonyeza chini ukapata 12 yenye alama ya kutoa, umeme unafika. Kama umefika na kioo bado hakisongi, basi kweli kimekufa, lipa bila kelele. Ukipata sufuri, kioo hakina hatia, rudi nyuma kwenye nyaya na swichi.

Kuna mtego hapa, na ulininasa saa nzima. Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba bado utaonyesha volti 12 kwenye multimita, kwa sababu multimita haivuti umeme wowote wa maana. Mota ikitaka kuzunguka, uzi ule haubebi. Kwa hivyo pima konekta ikiwa imeunganishwa na kioo, mwenzako akibonyeza. Ukiona 12 inaporomoka hadi 3, mwizi wako ni waya.

Na waya hukatikia wapi? Mara nyingi ni kwenye bomba hilo la mpira mlangoni. Mlango hufunguliwa na kufungwa mara nyingi kila siku, wa teksi ndio usiseme, na abiria wanavyoubamiza utadhani una deni lao. Shaba inachoka ndani huku plastiki ya nje ikionekana safi. Vuta kila waya polepole: ukivutika kama mpira, shaba imekatika. Njia nyingine, shikilia swichi huku ukifungua na kufunga mlango taratibu. Kioo kikiruka kidogo mlango ukiwa pembe fulani, umefika. Na kama swichi ya gari lako iko kwenye mlango wa dereva, kagua bomba la mlango huo pia hata kama kioo kinachosumbua ni cha abiria, maana umeme wake unaanzia huko.

Kabla ya kukata chochote, toa waya hasi wa betri. Usiguse konekta za manjano, hizo ni za mifuko ya hewa. Unganisha kipande kipya cha unene ule ule kwa solda, na maungio yakae mbali na mahali panapokunjika, la sivyo yatakatika tena. Kusokota nyaya na kuzungushia tepu nyeusi ni kujipa miadi na mvua ya Aprili. Magari mapya zaidi ni hadithi nyingine: swichi hutuma ujumbe kwa kompyuta ndogo badala ya kupitisha umeme wenyewe, na ukichomeka waya wa majaribio ovyo unaweza kuunguza kitu cha bei kuliko kioo. Hapo tafuta mtu mwenye mashine ya kusoma gari.

Sasa sehemu ambayo hamtaipenda. Nimemlaumu yule fundi miezi mingi, lakini sisi wateja tumemfundisha hiyo tabia. Akikaa saa moja akipima mpaka apate waya uliokatika, tutampa mia mbili na kunung'unika kwamba "si ni waya tu". Akituuzia kioo kizima, tunalipa maelfu bila kubishana kwa sababu tumeona kitu kimebadilishwa kwa macho. Kwa bei hizo, wewe ungepima? Tunalipa vipuri, hatulipi akili, halafu tunashangaa mtaa umejaa watu wa kubadilisha vipuri.

Na vipuri vyenyewe vinatoka wapi? Vingi huja kihalali kutoka Japani. Lakini ukiona gari limechongwa nambari ya usajili kwenye vioo, unajua mwenyewe anaogopa nini kwenye foleni. Kila kioo tunachonunua bila haja kinalipa mtu katika mnyororo huo, na mmoja wao anaweza kuwa ndiye atakayeng'oa chako kesho.

Siku hizi majirani huniletea magari. Natoza mia tano ya kupima, nipate tatizo nisipate, na naisema kabla sijafungua mlango. Wengine huondoka wakicheka. Wiki iliyopita dada mmoja alikuja na Demio, ameshaambiwa anunue vioo viwili. Ilikuwa fyuzi. Alinitazama kama mwizi nilipochukua ile mia tano, akakaa kimya kidogo, akauliza kama naweza kuangalia pia gari la babake.

Kile kioo changu cha elfu tisa? Nilikirudisha, fundi akasema kilichouzwa kimeuzwa. Kiko kwa mjomba, ndani ya katoni nyuma ya mlango wa stoo, na kila nikienda huko huniuliza nitakiondoa lini.