Meno ya kupandikiza: Je, kompyuta haikosei?

Wiki hii nina barua ya bwana mmoja ambaye mama yake mzazi amebaki kibogoyo. Si jino moja wala mawili. Yote yameondoka, juu na chini, mengine kwa kuoza na mengine kwa ugonjwa wa fizi.

Mama huyo ana meno ya bandia, yale ya kuvaa na kuvua. Ya juu hayamsumbui sana. Ya chini ndiyo balaa. Akizungumza yanacheza, akitafuna githeri yanapanda, na katika harusi ya mjukuu wake alikaa na sahani mbele yake bila kula kwa kuogopa kuaibika mbele ya wakwe.

Sasa watoto wake wameamua kuchanga pesa ili apandikizwe meno, na bwana huyu yuko tayari kuuza ng'ombe wawili. Alipokwenda kuulizia katika kliniki moja mjini, aliambiwa asiwe na wasiwasi wowote, kwani kazi yote hupangwa na kompyuta, na kompyuta haikosei. Anauliza, je, ni kweli?

Jibu langu ni kwamba kompyuta inasaidia, tena sana, lakini hukosea. Na katika kinywa kisicho na jino hata moja, hukosea zaidi kuliko katika kinywa chenye meno. Nipe nafasi nikueleze sababu, kwa maana ukiielewa utajua la kumwuliza daktari kabla hujatoa hata shilingi.

Kipandikizi chenyewe ni kitu kidogo kilichotengenezwa kwa madini ya titaniamu, chenye umbo la skrubu. Aghalabu urefu wake ni milimita 10 hivi na unene wake milimita 4 hivi. Daktari hutoboa mfupa wa taya kwa keekee ndogo, akakikaza humo, na baada ya miezi kadhaa mfupa hushikamana nacho kabisa. Juu yake ndipo hufungwa jino, au safu nzima ya meno.

Aliyegundua kwamba mfupa hushikamana na titaniamu ni mtaalamu wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, ambaye alikuwa akichunguza mifupa ya sungura katika miaka ya 1950. Alipotaka kung'oa vyombo vyake vya titaniamu, vilikataa kutoka! Mwaka wa 1965 alimpandikiza binadamu wa kwanza, Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro za taya. Larsson alivitumia vipandikizi vyake hadi alipofariki mwaka wa 2006, yaani kwa zaidi ya miaka 40. Wakati alipowekewa hapakuwa na kompyuta yoyote ya kumwongoza daktari. Palikuwa na eksirei, macho na mkono wa mtu anayejua kazi yake.

Basi kompyuta iliingiaje?

Iliingia kwa sababu ya mambo yaliyofichika ndani ya mfupa. Katika taya la chini, sehemu ya nyuma, kila upande una mfereji ambamo mshipa wa fahamu hupita. Mshipa huo ndio unaoupa hisia mdomo wa chini na kidevu. Keekee ikiujeruhi, mdomo unaweza kufa ganzi kwa miezi mingi, na wakati mwingine ganzi hiyo haiondoki maisha yote. Mtu anakunywa chai, inamchuruzika kidevuni mbele ya wageni, naye hana habari.

Kibogoyo ana shida ya ziada. Jino likiondoka, mfupa uliolishikilia huanza kupungua, na huendelea kupungua mwaka baada ya mwaka. Aliyekaa bila meno kwa miaka 20 anaweza kuwa na taya jembamba, na mshipa ule wa fahamu ukawa karibu sana na juu. Hapo milimita moja si jambo dogo.

Ndiyo maana madaktari walizipokea kwa furaha mashine za eksirei zinazozunguka kichwa na kutoa picha ya taya kutoka pande zote, ambazo zilianza kutumika katika udaktari wa meno mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa mtu asiye na meno, aghalabu picha hupigwa mara mbili. Kwanza huvaa meno yake ya bandia, ambayo yametiwa vialama vidogo vinavyoonekana kwenye eksirei. Kisha meno hayo hupigwa picha peke yake. Kompyuta huzilinganisha picha hizo mbili kwa kutumia vile vialama, na daktari akaona mfupa na meno mahali pamoja.

Halafu daktari hupanda vipandikizi kwenye kioo cha kompyuta, akivisogeza huku na huku mpaka aridhike. Mpango huo ukikamilika, hutengenezwa kiolezo cha plastiki ambacho huvaliwa kinywani, chenye matundu yaliyowekwa vijibomba. Keekee hupita humo, na haiwezi kwenda ovyo.

Kufikia hapo mambo ni mazuri. Lakini hebu mwulize seremala yeyote wa jua kali. Kiolezo kinaweza kukatwa vizuri namna gani, lakini kikikaa upande juu ya ubao, matundu yote yatatoka upande. Tena yatatoka upande kwa unadhifu mkubwa.

Mtu mwenye meno machache yaliyobaki, kiolezo hukaa juu ya meno hayo kama kofia. Meno ni magumu, hayabonyei. Kibogoyo hana kitu kama hicho. Kiolezo chake hulala juu ya ufizi, na ufizi ni nyama. Ukikikandamiza upande huu, upande ule huinuka. Daktari anapompiga sindano ya ganzi, ufizi huvimba kidogo, na tayari kiolezo hakikai kama kilivyotarajiwa kukaa siku ya kupiga picha.

Makosa mengine huanza mapema zaidi. Ikiwa meno ya bandia yalikuwa yamelegea siku ya picha, kama haya ya mama wa msomaji wetu, yanaweza kuwa yaliacha nafasi juu ya ufizi. Kompyuta itaamini picha hiyo, kwa maana haina njia ya kujua kwamba imedanganywa. Mgonjwa akitikisa kichwa wakati mashine inazunguka, kosa jingine. Keekee nayo hucheza kidogo ndani ya kijibomba chake. Kila moja ni dogo, ila yote yanaweza kujumlika.

Yanajumlika kiasi gani? Wataalamu wamelipima jambo hili kwa kulinganisha mahali kipandikizi kilipopangwa na mahali kilipotua. Uchunguzi mmoja uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba, kwa wastani, kipandikizi kilikosea kwa milimita 1.12 mahali kinapoingilia, na milimita 1.39 kwenye ncha yake ya ndani. Mwingine wa mwaka wa 2018 ulitoa takwimu zinazokaribiana sana na hizo, milimita 1.2 na milimita 1.4, na upande wa kuinama nyuzi 3.5. Huo wa 2018 ulisema wazi kwamba matokeo yalikuwa bora kwa wenye meno kiasi kuliko kwa wasio na meno kabisa.

Utasema milimita moja na kidogo si kitu. Lakini huo ni wastani, msomaji, na mama yako si wastani. Katika ule uchunguzi wa 2014, kosa kubwa kabisa kwenye ncha lilikuwa milimita 7.1. Kwa kipandikizi cha milimita 10, hiyo ni zaidi ya nusu ya urefu wake!

Kwa sababu hiyo wataalamu walishauri kwamba daktari aache nafasi ya usalama isiyopungua milimita 2 kati ya mpango wake na kitu chochote kisichotakiwa kuguswa. Ni karibu unene wa njiti ya kiberiti. Kwa taya lililopungua sana, nafasi hiyo inaweza kukosekana, na daktari mwaminifu atakwambia hivyo.

Sisemi haya ili nikutie hofu. Tafiti zinaonyesha kwamba kiolezo cha kompyuta hukaribia mpango kuliko mkono mtupu. Isitoshe, mara nyingi daktari hahitaji kuupasua na kuufunua ufizi wote, na mgonjwa hupata uvimbe na maumivu machache zaidi. Ninachokataa ni lile neno "haikosei".

Pia ziko njia za kupunguza makosa. Kiolezo kikishawekwa, mgonjwa huuma kitu maalumu kilichotengenezwa kulingana na jinsi anavyofumba kinywa, kisha kiolezo hufungwa kwenye mfupa kwa vijipini ili kisisogee. Mtu angedhani ingekuwa bora kuufunua ufizi na kukiweka juu ya mfupa wenyewe, maadamu mfupa ni mgumu. Ajabu ni kwamba katika tafiti kadhaa violezo vya kukaa juu ya mfupa ndivyo vilivyokosea zaidi. Siku hizi pia kuna kamera zinazoifuata keekee wakati daktari anafanya kazi, naye akaona kwenye kioo ilipofika. Hata hizo, kwa mtu asiye na meno, kwa kawaida huhitaji skrubu ndogo zikazwe kwanza mfupani ziwe alama.

Sasa turudi kwa ng'ombe wawili.

Bwana, umeniambia meno ya juu ya mama hayana matata. Mbona basi kliniki inataka kupandikiza juu na chini? Mwaka wa 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, huko Canada, walikubaliana kwamba kwa taya la chini lisilo na meno, vipandikizi viwili tu sehemu ya mbele, vikishikilia meno ya bandia ya kuvua, viwe ndilo chaguo la kwanza. Mama ataendelea kuyavua na kuyaosha, lakini hayatapanda akila. Sehemu hiyo ya mbele iko mbali na ule mfereji nilioutaja, ingawa huko nako keekee ikitoboa upande wa ulimi inaweza kuleta damu nyingi chini ya ulimi, kwa hivyo si kazi ya mwanagenzi. Huenda ng'ombe mmoja akabaki zizini.

Ukirudi kwa daktari, hakikisha kwanza kwamba amesajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno. Mwulize kiolezo kitakaa juu ya nini na kitafungwa kwa njia gani. Mwulize ameacha milimita ngapi kutoka kwenye mshipa wa fahamu, na akuonyeshe kwenye kioo. Mwulize atafanya nini siku hiyo kiolezo kikikataa kukaa sawasawa. Akikasirika kwa sababu ya maswali hayo, mshukuru na uende kwingine. Nawe usimfiche kama mama ana kisukari, anavuta sigara au anatumia dawa za kutibu mifupa, kwa sababu hayo yote yanaweza kuharibu kazi nzuri.

Kabla ya yote, mpeleke mama arekebishiwe hayo meno ya chini yanayolegea, ili picha ikipigwa ipigwe yakiwa yamekaa. Kisha niandikie tena uniambie daktari alijibu nini kuhusu zile milimita mbili.