Ndege ikizama Ziwa Tanganyika, mvuvi wa Kibirizi atajua pa kufungua?

Ndege ikitumbukia ziwani, wa kwanza kufika mara nyingi si zimamoto. Ni mvuvi.

Bukoba ilishaonyesha hilo. Novemba 6, 2022, saa 2:53 asubuhi, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, iliyotoka Dar es Salaam na watu 43, iliangukia Ziwa Victoria ikiwa inakaribia kutua. Watu 19 walifariki, 24 wakatoka hai. Waliotangulia ni wavuvi na mitumbwi yao. Ripoti ya awali ya uchunguzi ilieleza kuwa boti ya uokoaji ilifika saa kadhaa baadaye.

Nchi nzima ikamjua Majaliwa Jackson, kijana mvuvi aliyepiga mbizi hadi ilipo ndege. Akapewa shilingi milioni 1, na ikatangazwa kuwa ataingizwa kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Pakaibuka pia ubishi kuhusu nani hasa alifungua mlango wa nyuma, mvuvi kwa kasia au mhudumu kutoka ndani. Ubishi huo ukala muda mwingi mitandaoni.

Lakini kuna sehemu ya simulizi yake ambayo haikujadiliwa vya kutosha. Akiwa hospitali, Majaliwa aliwaeleza waandishi kwamba aliogelea hadi mbele, kwenye chumba cha marubani. Rubani, akiwa hai, alimwashiria avunje kioo. Alipoibuka juu akaambiwa asivunje. Aliporudi chini, rubani akamwonyesha mlango wa dharura. Kijana akafunga kamba mlangoni, boti zikavuta, kamba ikakatika na kumpiga usoni, akapoteza fahamu. Marubani wote wawili walifariki.

Hapo hakuna wa kumlaumu. Nguvu zilikuwepo, boti zilikuwepo, moyo ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu aliyewahi kuelekezwa ndege hufunguliwaje kwa nje.

Maelekezo yenyewe huwa yamechorwa kwenye bodi ya ndege. Ukiitazama ndege ya abiria kwa makini utaona mstari wa rangi unaozunguka kila mlango wa dharura. Kwa kanuni zinazotumiwa na watengenezaji wakubwa, mstari huo una upana wa kama sentimita 5, na rangi yake lazima itofautiane na bodi ili uonekane haraka. Karibu na mpini kuna maandishi na mshale: sukuma hapa, zungusha huku, vuta. Mlango wa ndege hushikwa na komeo kadhaa ndani ya fremu. Mpini usipozungushwa, komeo hazitoki, na kuvuta mlango kwa kamba ni kama kuvuta ukuta. Maji nayo yakiubana kwa nje huwa mzito zaidi.

Kioo cha mbele ndiyo usiseme. Kimetengenezwa kwa matabaka kadhaa ili kihimili kugongwa na ndege wa angani kwa kasi kubwa. Kasia halikiwezi.

Kuna alama nyingine inayojulikana kidogo zaidi, ya mahali pa kukata. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) vinasema kama sehemu hizo zimewekwa alama, basi ziwe pembe za rangi nyekundu au njano, zikizungushiwa nyeupe pale inapohitajika ili zionekane. Pembe zikiachana zaidi ya mita 2, katikati huongezwa vipande vya mstari vya sentimita 9 kwa 3. Ndani ya pembe hizo bodi inakatika kwa urahisi zaidi. Ukikata popote tu unaweza kukutana na nyaya, mabomba au mitungi ya oksijeni.

Zingatia neno “kama”. Kiwango hakilazimishi ndege kuwa na alama hizo, kwa hiyo nyingine hazina kabisa. Na maandishi ya milangoni mara nyingi ni ya Kiingereza, kwa dhana kwamba msomaji ni askari wa zimamoto wa kiwanjani aliyefunzwa kazi hiyo. Ziwani msomaji ni mwingine kabisa.

Sasa njoo Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma. Huu ni mwalo wa dagaa na migebuka, na ndipo zinapoondokea boti za kwenda Gombe na vijiji vya kaskazini. Usiku taa za wavuvi hutapakaa majini. Kiwanja cha ndege cha Kigoma hakiko ukingoni mwa maji kama cha Bukoba, lakini ziwa liko jirani, na viwanja vya Bujumbura na Kalemie navyo viko karibu na ziwa hilohilo. Ajali ikitokea huku hali inaweza kuwa ngumu kuliko Bukoba. Kule ndege ilibaki mkia juu, karibu na nchi kavu. Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, na sehemu nyingi kina huanza ghafla karibu na ufukwe. Hapa dakika za kubahatisha ni chache mno.

Mwalo una viongozi wake wa BMU, na wavuvi hukutana pale kila siku. Bango moja la Kiswahili lenye picha linatosha kuanzia: mstari unaozunguka mlango, mshale wa mpini, pembe nyekundu au njano za kukatia. Liongeze kwamba mpini uzungushwe kwanza, kamba baadaye, na kwamba mabawa yana mafuta, kwa hiyo sigara na karabai zikae mbali. Namba 114 ya zimamoto iandikwe kwa herufi kubwa. Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), zimamoto na mashirika yanayotua Kigoma wakipeleka wakufunzi mwaloni kwa siku moja, wavuvi watashika wenyewe mpini wa mfano na kuona unazungukia wapi. Siku nzuri ni zile za mbalamwezi kali, ambapo wavuvi wengi wa dagaa hawaingii ziwani na mitumbwi imelala mchangani.